Bi Nukta Hagongi Tena Meza

Mpendwa mshauri,

Nisaidie, na kama utanicheka basi cheka kwanza umalize ndipo unijibu, maana mke wangu ameshacheka na jibu hakunipa. Mimi ni msoma prufu katika kampuni ya kuchapa vitabu vya shule, kazi yangu ni kukamata makosa kabla kitabu hakijaingia mtamboni, na nimeifanya tangu nilipokuwa kijana mwenye nywele zote mpaka sasa ambapo kinyozi ananihudumia haraka kuliko wateja wote, na kinachoniletea kalamu mkononi leo ni mkutano wetu wa asubuhi wa kwenye kompyuta, na mwanamke mmoja ambaye siku hizi kwangu ni kisanduku cheusi chenye jina.

Ngoja nianzie mbali kidogo, kwa sababu usipojua tulikotoka hutaelewa kwa nini mwanamume mzima ananuna kwa ajili ya meza.

Tulikuwa na chumba chetu ghorofani, juu ya ukumbi wa mitambo, mitambo ikiwashwa sakafu inatetemeka na chai inacheza vikombeni, na katikati ya chumba palikuwa na meza moja ndefu ya mbao ambayo sote tuliizunguka, wasoma prufu, wahariri na fundi wa kupanga kurasa, kila mtu na kiti chake na ole wake mgeni atakayekalia cha mwenzake. Kwenye kona ya dirishani tulikaa wawili, mimi na mama mmoja aliyenitangulia kazini, tuliyezoea kumwita Bi Nukta. Jina hilo alilipata hivi: prufu husomwa na watu wawili, mmoja anashika mswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwenye karatasi iliyokwisha kupangwa, na penye tofauti anaweka alama. Sasa yule anayesoma akianza kutamka “mkato” na “nukta” kila baada ya maneno matatu mdomo unachoka, na kikija kitabu cha sarufi, ambacho maneno hayo yenyewe yamo ndani, ndiyo balaa kabisa hujui kipi ni alama na kipi ni somo, kwa hiyo yeye hakutamka, aligonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja ni mkato, mara mbili ni nukta, mara tatu ni aya mpya. Alinifundisha hivyo siku ya kwanza, na kwa miaka yote iliyofuata yeye akasoma na mimi nikafuata, sauti yake inakwenda taratibu, ngo, ngo-ngo, ngo, mpaka pale alipozoea kugonga mbao zikabonyea, ukipitisha kidole unahisi kishimo.

Na mikutano, mshauri! Meneja anasimama kichwani mwa meza anasema yake, sisi tunasema yetu, wawili wanabishana kuhusu neno moja kana kwamba ni shamba la urithi, mmoja anachora mbuzi kwenye ukingo wa karatasi, mwingine unamkanyaga mguu chini ya meza anyamaze kabla hajajiharibia, ukitazama tu uso wa mtu unajua amekubali au amekubali kwa mdomo, na mwisho meneja anauliza, “Tumeelewana?” na kabla yeyote hajafungua mdomo Bi Nukta anagonga, ngo-ngo, sote tunacheka, viti vinaburutwa, mkutano umekwisha. Hakuna aliyetoka kabla ya zile mbili, hata meneja. Siku moja Bi Nukta aliugua, tukabaki tumekaa tunatazamana kama watu waliosahau walichofuata, mpaka fundi wa kurasa akajitosa akagonga yeye, tukamwambia hapana, umegonga kama polisi, rudia.

Basi kampuni ikasema jengo lina gharama, kila mtu akafanyie kazi kwake. Chumbani mwetu sasa mnauzwa magodoro, nimepita pale nikayaona yamesimama dirishani petu, na meza nasikia imechukuliwa na fundi cherehani, natumaini anaitunza.

Siku hizi mkutano wa asubuhi ni kwenye skrini, mimi nakaa jikoni kwa sababu ndiko mtandao unakoshika, nyuma yangu pazia la mke wangu la maua ili wasione sufuria, kamera nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai. Meneja anaanza, “Mnanisikia?” tunanyamaza, kwa sababu kila mtu amefunga maiki na anadhani mwenzake atajibu, “Jamani, mnanisikia?” hapo tunajibu wote kwa pamoja hasikii hata mmoja. Wawili wakianza kusema kwa mpigo, wote wanakatisha, “Endelea wewe,” “Hapana, endelea wewe,” kisha wananyamaza wote na lile neno linapotea moja kwa moja. Fundi wa kurasa akisema huwa anaganda mdomo wazi kama anayeng'olewa jino. Mhariri wetu mmoja anaitikia kwa kichwa bila kukoma, tulikuja kugundua amewasha tamthilia kwenye simu na anaitikia ya huko. Mimi nilikuwa mchekeshaji wa meza ile, mshauri, hilo naomba uliamini, lakini mzaha wa kwenye skrini ni kama kurusha jiwe kisimani usisikie limefika, unawaona watu meno nje na sauti hakuna, mke wangu akipita ananiambia, “Baba, leo friji limecheka?”

Halafu kuna kile kikundi cha pembeni, nakiri na mimi nimo, wakati meneja anazungumza sisi tunaandikiana chini kwa chini kwenye simu, tazama leo kavaa shati la juzi, tazama paka wake, na mwanzoni nilicheka, lakini zamani ukimsema mtu mezani ulimsemea usoni, na yeye anakurudishia yako, mnamaliza, hii ya sasa haimaliziki.

Na mkutano wenyewe haujui kuisha. Meneja anauliza bado, “Tumeelewana?” kunakuwa kimya, mtu mmoja anatuma picha ya kidole gumba, tunapunga mikono kama watoto wanaosindikiza gari, kila mtu anakitafuta kile kitufe chekundu, na daima anabaki mmoja anayeuliza, “Ndiyo tumemaliza?”

Sasa nifike kwa Bi Nukta. Wiki za mwanzo tulijaribu kusoma prufu kama zamani, yeye kwake na mimi jikoni, tumefunguliana mtandao, mswada kwake na karatasi kwangu. Akaanza kusoma, sauti ileile, nikasema moyoni, afadhali, lakini nikasikia maneno matupu, yanakuja yamefuatana hayana pa kupumzikia, hakuna hata ngo moja. Nikamwambia, “Bi Nukta, mbona hugongi?”

Akasema, “Nagonga.”

Nikasema, “Hugongi bwana, sisikii kitu.”

“Nagonga, mdogo wangu. Nina meza hapa mbele yangu, nagonga.”

Nikadhani ananitania. Akasoma tena, maneno matupu. Nikamwambia kama amechoka kazi aseme, kama sasa kugonga ni kazi ya chini kwake aseme vilevile, yeye akasema labda masikio yangu yamezeeka, mimi nikasema masikio yangu yanasikia kuku wa jirani wa nyumba ya tatu, yeye akasema kwa upole ambao afadhali ungekuwa ukali, “Basi kila mtu asome zake.” Akakata. Na tangu hapo kila mtu anasoma zake, na kazi imeharibika, kitabu cha hadithi cha watoto wa darasa la pili kimetoka kina ukurasa mzima usio na nukta hata moja, walimu wamepiga simu, na ukurasa huo ni wangu.

Baada ya ugomvi huo akafunga kamera. Alimwandikia meneja kuwa imeharibika, sijui kama ni kweli. Haongei. Akiitwa anaandika neno moja, “Nipo.” Na kuna kitu kingine kinaniudhi zaidi, pale mwisho meneja anapouliza kama tumeelewana, kile kisanduku chake cheusi kinazungukwa na ule mstari wa kijani unaotokea mtu anapoongea, unawaka unazima, unawaka unazima, halafu basi, hakuna neno. Kila asubuhi. Nikaona ni dharau, anafungua maiki na kuifunga ili tujue yupo na hataki kusema nasi, na juzi nikashindwa kuvumilia, nikafungua yangu nikasema mbele ya wote, “Wengine humu wamebaki jina tu, na jina halisomi prufu.” Hakuna aliyecheka wala aliyenikemea, hakukuwa na mguu wa kunikanyaga chini ya meza, nilisikia friji tu. Kisanduku chake hakikuwaka siku hiyo.

Mshauri, sasa meneja amenipigia simu pembeni. Kampuni inapunguza watu, mimi ndiye kiongozi wa wasoma prufu, anataka nimpe jina la mmoja wetu asiyeshiriki mikutanoni, na anataka kabla ya Ijumaa. Hakumtaja, lakini alisema, “Wewe mwenyewe ulishasema juzi, sote tulisikia.” Nikimpa jina la Bi Nukta hakuna atakayeshangaa, na nisipompa atauliza kama kiongozi mwenyewe anafaa, na nina watoto wawili bado shuleni. Nikiwa na hasira naona ni haki yake, ametususa. Lakini nikikaa na karatasi jikoni asubuhi nakuta kidole changu mwenyewe kinagonga meza na hakuna anayesoma, na nakiri kwako kwamba namkumbuka yule mama kuliko nilivyowahi kumkumbuka ndugu yangu yeyote aliye mbali, na namkumbuka hali yumo mbele yangu kila siku, ndilo jambo linalonitesa.

Je, nimpe meneja jina, au nisimpe, na kama nisimpe nimwambie nini mtu aliyeamua kuwa kisanduku?

Ni mimi,
Msoma Prufu wa Jikoni

Jibu la mshauri

Mwanangu, nakuita mwanangu hata kama kinyozi hana kazi kwako, barua yako nimeiomba mhariri aitangulize mbele ya nyingine kwa ajili ya hiyo Ijumaa. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka kama ulivyonipa ruhusa, ya pili nikakasirika. Na kwa mtu anayelishwa na nukta, wewe umeniandikia sentensi ambazo nimezisoma nikitafuta pa kuvuta pumzi. Ila sikulaumu sana, nimeelewa. Aliyekuwa anakugongea hayupo.

Kwanza nikupe pole yako. Meza hiyo ilikuwa meza, usimruhusu mtu akuambie unalilia mbao. Sisi hapa gazetini tulikuwa na chumba cha barua, magunia yanamwagwa sakafuni asubuhi na tunakaa chini kuzifungua, na ukikutana na barua ya kuchekesha unaisoma kwa sauti, wote wanaacha kazi, na ikiwa ya msiba pia unaisoma kwa sauti, wote wanaacha kazi. Leo barua zinaingia kwenye kompyuta yangu peke yangu. Ya kwako nilicheka peke yangu, na nilipofika pale kwenye “Nipo” nilitazama kushoto kumtafuta wa kumwonyesha, nikaona ukuta. Kwa hiyo najua unachokisema. Watu wanadhani tumepoteza ofisi. Tulichopoteza ni ule mguu wa chini ya meza.

Pole imekwisha, sasa kaa vizuri.

Umekaa na mwanamke huyu kona moja tangu ukiwa na nywele zote. Amekufundisha kazi. Mmegombana kwa jambo la ajabu, yeye anasema anagonga na wewe unasema hagongi, mtu mwenye akili timamu angejiuliza, huyu mama aliniongopea lini? Katika barua yote hiyo ndefu sikuona mahali ulipompigia simu baada ya siku ile. Sikuona ulipokwenda kwake. Unaweza kunieleza pumzi zake zinavyokwenda akisoma, na sidhani unaujua mlango wake una rangi gani. Ulimtazama kwenye skrini kila asubuhi ukinuna, ukaita huko kumkumbuka.

Sasa nisikilize kwa hayo masikio yanayosikia kuku wa nyumba ya tatu. Barua yako nilimsomea fundi mitambo wetu, kijana anayetuunganishia mikutano hapa ofisini. Nilipofika pale uliposema maneno yanakuja bila ngo hata moja, akainua mkono kama yuko darasani, akasema, “Hiyo ni mashine, mama.” Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza bibi yake. Akasema programu hizo za mikutano zimefundishwa kusafisha sauti. Zinaacha maneno ya mtu na kufuta kila kinachofanana na kelele: feni, sahani, mbwa, mlango. Mtu akigonga meza, mashine inaona ni fujo za nyumbani, inafuta. Anayegonga anasikia amegonga. Wa upande wa pili hasikii kitu.

Nikamwambia, tujaribu. Akaenda chumba cha pili, tukafunguliana, nikamwona kwenye skrini anasema na kugonga meza kwa ngumi. Maneno nikayapata yote, ngumi sikuisikia hata moja. Lakini, mwanangu, kile kimstari cha kijani kilikuwa kinawaka kila alipogonga. Mashine ilijua kuna sauti. Iliona tu haifai tuisikie.

Nikaichukua barua yako, nikairudia pale kwenye kisanduku.

Kwa hiyo, aliposema anagonga, alikuwa anagonga. Ulipomwambia amechoka kazi, alikuwa na kidole mezani. Na hicho kisanduku cheusi kinachokuudhi kila asubuhi, kinawaka kinazima, kinawaka kinazima, umekihesabu vizuri na ukaandika mwenyewe kwa mkono wako: mara mbili. Meneja anauliza, “Tumeelewana?” na yule mama, pamoja na matusi yako, pamoja na kamera iliyokufa au aliyoifunga, anakunja kidole na kuwapigia nukta kama alivyofanya siku zote. Unalia kwamba mkutano wenu haujui kuisha. Umekuwa ukimalizwa vizuri kila asubuhi, isipokuwa ile moja uliyomtukana.

Kwa nini hasemi kwa mdomo, hilo sijui na sitajifanya najua. Huenda umemvunja moyo. Huenda nyumbani kuna mgonjwa analala chumba hichohicho. Huenda sauti ina tatizo. Wewe ndiye wa kumuuliza, na umuulize mkiwa wawili, tena uulize kwanza na kuomba radhi papo hapo, usiweke maelezo marefu katikati, maana nimeona uandishi wako.

Kuhusu jina: hulipeleki. Hata kama kusingekuwa na mashine wala kugonga, mtu hampeleki mwenzake kuchinjwa kwa sababu alikuwa kimya mkutanoni, wakati yule mwenye tamthilia yake anaitikia kwa kichwa na kuhesabiwa mshiriki mwema. Mpigie meneja kabla ya Ijumaa, usimwandikie. Mwambie uliyosema juzi yalikuwa makosa na unayafuta. Mweleze habari ya mashine, naye alikuwa akisubiri zile mbili kama ninyi, atakumbuka. Kisha mwombe muda wa kitabu kimoja tu. Fundi wetu anasema kwenye mipangilio ya sauti kuna mahali pa kuzima huko kusafisha. Mkizime pande zote mbili, wewe na Bi Nukta, msome kitabu hicho kwa jozi kama zamani. Feni lake utalisikia, na yeye atawasikia kuku wa jirani yako, si neno. Makosa mtakayoyakamata ndiyo yatakayomjibu meneja, na kwa ule ukurasa wako wa darasa la pili, naamini anahitaji sana kujibiwa. Akikataa hata hilo, angalau atakuwa ameamua yeye kwa mdomo wake, hukumsaidia kunoa kisu. Najua una watoto. Ndiyo maana nimekuambia umpelekee kazi, sikukuambia umpelekee hasira.

Kikundi cha pembeni jitoe leo, usiage. Ulimtukana mbele ya wote, ukamwombe radhi mbele ya wote, maiki wazi, uso kwenye kamera, na pazia la maua nyuma yako. Asubuhi hiyo wote wazime kile kisafisha sauti. Meneja akiuliza kama mmeelewana, mkae kimya msubiri, hata kimya kikiwa kirefu, asitume mtu kidole gumba.

Meza haitarudi, mwanangu, nisikudanganye. Ile iko kwa fundi cherehani na labda inashonewa sare za watoto, nayo ni kazi nzuri. Lakini mwenye kidole yupo, na ndiye uliyekuwa karibu kumwandika jina.

Bi Nukta, kama unasoma gazeti hili, na mtu wa kazi yako hawezi kukosa kulisoma mpaka matangazo, shoga yangu, mdogo wako ni mjinga lakini amekukumbuka vibaya sana. Mlango ukisikika, fungua.

Na wewe, usingoje Jumamosi, nenda leo ukitoka jikoni. Usimtumie ujumbe wa kumwarifu, asije akajibu “Nipo” ukaishia hapo. Ukifika usipaze sauti ya hodi barazani majirani watoke. Kunja kidole, gonga mara tatu, unyamaze. Atajua ni nani, na atajua unataka nini.